Mininga Iliyopakwa Chokaa

Jumatatu, 7 Oktoba

Mashine imefika! Dingdong yenyewe ya kupasulia magogo. Injini ya dizeli, meza ya chuma, msumeno wa duara unaong'aa. Nimeishusha uani na kuifunika turubai ili jirani yangu Eustace asiione mapema. Ameiona. Kauliza nimeisajili wapi. Hivi msumeno nao unasajiliwa? Wivu tu. Ana mashine yake ya kupasua milingoti aliyoipanda, basi anadhani mbao zote za kata hii ni zake.

Mke wangu Limi karudi jioni kutoka msibani Tinde. Mashine hakuitazama. Alitazama zizi. Akauliza, Baba Noela, maksai wangu wa plau wako wapi? Nikamwonyesha turubai. Nikamweleza kwa upole kwamba hawajapotea, nimewabadilisha na kitu kitakachotutoa kimaisha. Mafundi wanahitaji mbao, wachimba dhahabu wanahitaji matimba, zile nguzo za kuzuia maduara, mashimo yao, yasiwafukie, na sisi tuna mininga shambani. Hesabu imekaa vizuri kabisa.

Limi alikaa chini. Maksai wale aliachiwa na marehemu mama yake, hilo nilikuwa nimelisahau kidogo. Kasema mvua ya kwanza ikikuta zizi tupu, anamchukua Noela na kwenda kwa kaka yake huko Tinde, na mimi nitalima kwa msumeno. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua pa kumshika.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda mjini Kahama, ofisi ya misitu. Afisa ni binti anaitwa Dorah, mdogo hata kuliko mdogo wangu wa mwisho. Nikampa shikamoo ili mambo yaende. Akacheka, akaniamkia yeye. Mwanzo mbaya.

Kasema mashine lazima isajiliwe. Ili isajiliwe, nionyeshe magogo yatatoka wapi. Nikasema shambani kwangu. Kasema mti wa asili, hata ukiwa shambani kwako, hauvunwi bila kibali, na maombi yanaanzia kijijini hadi kamati ya uvunaji ya wilaya. Mti ulioupanda mwenyewe njia yake ni fupi. Nikauliza, huo wa asili aliupanda nani? Hakuna, kasema, uliota. Sasa kama hakuna aliyeupanda, kibali namwomba nani? Akarudia yote polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia ya stendi. Kila alipotua niliitikia kwa kichwa. Sikuelewa kitu.

Ila moja limeniingia. Wa kupandwa, njia fupi.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimezunguka kuchunguza miti iliyopandwa ina alama gani. Milingoti ya Eustace imesimama kwenye mistari. Ile ya shule nayo iko kwenye mistari, tena imepakwa chokaa nyeupe chini. Ya zahanati vilevile. Basi! Mistari na chokaa. Kumbe serikali hutambua hivyo, na hakuna anayekuambia.

Mininga yangu imekaa ovyo, mmoja huku, mwingine kule. Nimefunga kamba kutoka kichuguu hadi mpakani kwa Eustace nikapima. Iliyo juu ya kamba inabaki. Iliyotoka nje ya kamba inakatwa. Nimeshangaa kwamba watu waliosoma hawajawahi kuliwaza hili.

Masudi, dalali wa matimba kule Geita, anakuja kesho na chenso, ule msumeno wa injini wa kukatia miti. Limi kaniuliza kamba yake ya kuanikia nguo iko wapi. Nikasema inafanya kazi ya ofisi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku kubwa! Masudi kakata, mimi nimeelekeza. Mstari mmoja ulikuja umepinda kwa sababu ya upepo kwenye kamba, ikabidi tukate na mingine ili uendane na wa pili. Mchana, shamba limenyooka kama mistari ya kiwanja cha mpira. Magogo tumeyalundika nyuma ya choo. Kisha chokaa. Nimepaka mpaka viganja vimebabuka.

Mtendaji wa kijiji kapita na baiskeli, akashuka. Akauliza kama tunajenga shule. Nikamwambia aje kesho na afisa, aone shamba la miti la kupandwa. Nimempigia Dorah mwenyewe kwa simu. Mimi! Nani huita afisa kwa hiari yake kama ana la kuficha?

Mawingu yamejikusanya upande wa Geita. Limi ameyatazama, kisha akakunja nguo za Noela. Nimeumia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sielewi, na nitaandika kama ilivyotokea ili nielewe baadaye.

Dorah kaja na pikipiki. Mtendaji naye kaja. Eustace kaja bila kuitwa. Dorah kauliza nani kapanda. Nikasema mimi. Lini? Nikasema nikiwa darasa la nne. Akaukumbatia mninga mmoja, mikono haikukutana. Akajitazama kifuani, chokaa tupu. Kasema mti huu una umri wa kumzidi hata baba yangu mimi. Nikasema udongo wetu una rutuba. Mtendaji akageuka kutazama barabara.

Dorah akauliza, na hivi visiki vibichi? Hapo nilikuwa na jibu, nikalitoa kwa sauti. Nikasema hiyo ndiyo miti ambayo haikupandwa, kwa hiyo nimeitoa.

Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa furaha, nikidhani kapenda. Eustace akakohoa. Dorah kauliza mara ya tatu, kama nina hakika nataka aandike hivyo. Nikasema andika, dada, andika yote.

Magogo yamekamatwa. Mashine imefungwa kwa utepe na lakiri, isiwashwe. Nimepewa faini, na nisipolipa ni mahakamani. Wakati anaondoka kasema kwa huruma kwamba ningepeleka maombi tu kijijini, huenda mininga mitatu minne ningeruhusiwa. Sasa mbona hakusema hivyo Jumanne? Limi anasema alisema, mimi mwenyewe nilimsimulia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Kubwa, ya kwanza.

Asubuhi nimesikia watu wote wakihimiza maksai wao, huku na huku. Kwetu kimya. Nikajua Limi anafunga mizigo. Nikatoka kumzuia, nimeshaandaa maneno. Hakuwa ndani. Alikuwa shambani, kanga kiunoni, analima kwa jembe la mkono peke yake, eneo ambalo maksai wangemaliza kabla ya chai. Noela anafuata nyuma na mbegu.

Nimeona aibu, jamani. Aibu ya kweli. Nikachukua jembe lingine nikaanza upande wa pili. Jioni mikono yake ilikuwa na malengelenge, na kasema kesho ni siku ya mwisho, halafu Tinde.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada Limi kaenda kwa Eustace. Peke yake! Wamekubaliana bila mimi. Eustace anachukua mashine, ataisajili kwa jina lake, anayo miti yake. Analipa faini. Anatoa maksai wawili waliozoea nira. Nimeambiwa niweke sahihi. Nikasema nahitaji muda wa kufikiri. Limi kaniambia nimeshafikiri vya kutosha tangu Jumatatu.

Nimeweka sahihi. Maksai wameingia zizini, na Limi kasimama kati yao kawashika shingo, akiwashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja. Mzigo wake wa safari kaufungua. Nilitoka nje kufuta macho. Sitampoteza tena mke huyu kwa ajili ya vyuma.

Jumanne, 15 Oktoba

Tumelima siku mbili. Shamba limekwisha, Limi anaimba, Noela kanenepa kwa furaha. Nimempenda kila mtu, hata Eustace kidogo.

Kati ya maksai wale wawili, yule mweusi ana nguvu za ajabu. Leo nimemwangalia kwa makini. Anavuta, mwenzake anasindikiza tu.

Masudi kapiga simu. Kuna jamaa Kahama anauza mashine ya kutengeneza mkaa kwa pumba za mpunga. Pumba! Si mti, haina kisiki, afisa misitu hana pa kuanzia. Na mpunga umepandwa, kila mtu anajua umepandwa. Nimeuliza kama anapokea ng'ombe mmoja. Anapokea.

Mweusi peke yake atavuta plau akihimizwa vizuri. Kesho Limi akienda kisimani, namtoa yule mwingine.