Chumvi ya Bi Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa Chama cha Kutetea Wanyama. Habari kubwa! Birika la kunyweshea wanyama pale njia panda litakarabatiwa, na fundi mwashi ataandika juu yake jina la mwanzilishi wa chama. Jina moja tu.

Nikasimama kabla tangazo halijaisha. Mwanzilishi ni mimi! Chama hakijazaliwa, nani alimfokea mwenye mkokoteni aache kumchapa punda? Nyumbani mke wangu akanikumbusha kwamba nilifoka kwa sababu mkokoteni ulikuwa umeziba mlango wa saluni yangu. Uchochezi mtupu. Kufoka ni kufoka.

Kisha akasimama Mzee Kisu. Ati yeye ndiye aliyeanza kuwatekea punda maji. Mtu aliyekuwa na bucha maisha yake yote! Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Mwenyekiti ni mama mkwe. Alisema utaratibu wa chama unajulikana: hapewi mtu heshima yoyote mpaka punda anywe kwenye ndoo yake mbele ya watu. Jumamosi ziwekwe ndoo mbili, Bi Harusi achague. Bi Harusi ni punda wa yule yule mwenye mkokoteni, kaitwa hivyo kwa mwendo wake wa taratibu. Mama mkwe akamalizia kwamba "huyo kinyozi" asichelewe.

Tangu nimwoe binti yake mimi ni huyo kinyozi. Inaniuma, nasema kweli. Nataka mara moja tu, mbele za watu, aseme "mkwe wangu". Jina likishakauka kwenye saruji atasema, apende asipende.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yangu mwalimu kaniazima kitabu cha historia ya harakati hizi. Nimezama humo mpaka mteja akalalamika kwamba povu limemkaukia kidevuni.

Kumbe huko zilikoanzia, mnyama alihesabiwa mali tu, kama kiti. Mtu alipopeleka bungeni hoja ya kuwalinda farasi na ng'ombe, wenzake walimcheka mbavu zikawauma. Hakurudi nyuma. Sheria ikapita. Vikafuata vyama, wakaguzi, mabirika ya maji barabarani. Na mimi nachekwa nyumbani kila siku! Dalili njema.

Kisa kinachonipendeza zaidi: inasimuliwa kuwa mchuuzi mmoja alishtakiwa kwa kumpiga punda wake, kesi ikawa inalegalega, mpaka punda mwenyewe akaingizwa mahakamani. Watu wakaona majeraha. Ubishi ukaisha. Nitakisimulia Jumamosi kwa sauti nzito. Mama mkwe atatoa machozi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya jaribio. Bi Harusi alipita saluni, nikampelekea maji mwenyewe, nikamwita kwa adabu. Akanipa mgongo. Hatua chache mbele Mzee Kisu alikuwa na sufuria kuukuu; Bi Harusi akanywa humo mpaka tone la mwisho, na sikio akamwegemezea mzee. Sikio!

Nimewaza mchana kutwa. Punda mwenye kiu ya kufa hachagui ndoo, hunywa iliyo karibu. Basi ya karibu itakuwa yangu. Nimenunua pumba na chumvi. Mke wangu kauliza chumvi yote hiyo ya nini. Nikamjibu ni mambo ya chama. Kaniangalia kama anayeangalia maziwa yanayotaka kufurika.

Jumamosi, 8 Machi

Mambo yameharibika. Naandika kwa uchungu.

Asubuhi nilimwita mwenye mkokoteni nimnyoe bure. Akakaa, Bi Harusi akafungwa nje. Nilipomaliza shavu moja nikasingizia wembe butu, nikatoka. Bi Harusi alizila pumba za chumvi kwa furaha. Zilizobaki nikatia mfukoni. Niliporudi, mteja alikuwa amechoka kungoja, kanawa uso; akanipita, akamfungua punda wake, akaondoka na nusu ndevu.

Njia panda watu walijaa. Nikaweka ndoo yangu mbele kabisa, nikaisimulia historia yote, tangu bungeni hadi punda wa mahakamani. Nikarefusha makusudi ili kiu ikolee. Bi Harusi alikuwa akivuta kamba, ulimi nje. Alipofunguliwa alikuja mbio. Bi Harusi, mbio! Akainamia ndoo yangu. Akanusa. Akapiga chafya, akarudi nyuma, akaenda kuimaliza ndoo ya Mzee Kisu.

Ndoo yangu ni ya saluni. Ndiyo ninayolowekea vitana kwenye spiriti.

Mama mkwe hakumpongeza mtu. Aliuliza punda gani huyu mwenye kiu hivi asubuhi yote hii. Mwenye mkokoteni akaapa kwamba alimnywesha alfajiri, kisha akajishika lile shavu lenye ndevu, akanitazama. Nikasema hakuna ushahidi. Mama mkwe akasema si nimewafundisha mwenyewe? Shahidi aletwe, kama yule punda wa mahakamani.

Bi Harusi akaachiwa. Akanijia mimi, moja kwa moja, kwa hiari yake! Nilikaribia kulia. Akachomeka pua mfukoni mwangu, akatoka na pumba. Mama mkwe akachovya kidole, akaonja, akatema.

Hukumu ilitoka pale pale. Mimi ni mshtakiwa wa kwanza katika historia ya chama. Adhabu: kujaza birika kila asubuhi. Jina litakaloandikwa ni la Mzee Kisu. Naye akaniombea nipunguziwe. Mtu mbaya sana yule.

Jumatano, 12 Machi

Mgongo unauma, lakini nina habari! Leo nikiwa namimina maji, mgeni alimwuliza mama mkwe huyu ni nani anayehangaika hivi. Mama mkwe akajibu kwa sauti, watu wakisikia: huyu ni mkwe wangu, yule wa chumvi.

Mkwe wangu! Mbele za watu! Nikaimimina ndoo nzima nje ya birika. Mke wangu anasema nisikilize na lile neno la mwisho. Sina haja nalo.

Na Bi Harusi alikunywa kwenye ndoo yangu, mpya, isiyo na harufu. Nimekaa nikatafakari kwa makini nilipokosea. Ilikuwa ile ndoo. Mwakani wanachagua mkaguzi wa chama, mwenye kofia na beji, kwa utaratibu ule ule.

Chumvi nayo ilizidi. Safari hii nitatia nusu.