Sauti Rasmi ya Kuzimia Pampu

Mwaka wa 1998, Idara ya Lugha ya Mitambo iliutangazia umma wa Kwale kwamba hakuna mtambo utakaowashwa tena kabla ya kupatikana sauti mwafaka ya kuuelezea. Umma uliipokea habari hiyo kwa utulivu, kwa kuwa haukuwa na mitambo.

Kibuyuni tu ndiko kulikokuwa na mmoja: pampu mpya ya maji, iliyofunikwa turubai tangu mvua za El Nino. Wanakijiji waliendelea kunywa maji ya kisima yenye chumvi, huku Bwana Lennox Mwinga, Mwenyekiti wa Kamati ya Sauti na Adabu ya Maelekezo, akiuandaa mwongozo. Hakuwa mtu mbaya, maskini. Alitaka uhamisho tu. Kijitabu kikipendeza, makao makuu ya Nairobi yangemwita, na tayari alikuwa amenunua koti la baridi.

Kamati ilikutana katika hoteli moja ya Diani, maana sauti nzuri haipatikani penye joto. Siku ya kwanza alialikwa Bi Mwanarusi, mama wa makamo ambaye wanakijiji walimchagua aiendeshe pampu.

"Mimi naona muandike 'Washa' hapa, na 'Zima' pale," alisema. "Basi."

Bwana Mbarak, mjumbe wa adabu, aliweka kikombe chini.

"'Zima'? Unamwambia nani 'zima'? Mtu na heshima zake, hakusalimiwa, hakujuliwa hali, aambiwe 'zima'! Mimi hata paka simfukuzi hivyo nyumbani kwangu."

Lennox aliona hoja ina uzito. Bi Mwanarusi alishukuriwa, akapewa soda na kusindikizwa hadi getini. Sauti ya amri ikapigwa marufuku kwa kauli moja. Ile ya "pampu huzimwa" nayo ilianguka, kwa sababu ilificha wahusika, na wahusika walitaka sana kujulikana.

Baada ya vikao na kamba wa kukaanga visivyo na idadi, muafaka ulipatikana. Mwendeshaji ataombwa, na mwombaji ataanza kwa salamu kamili kama ilivyo desturi ya pwani: mwenyewe, nyumbani, watoto, kazi. Ndipo ataje haja yake. Mkurugenzi Enos, mkuu wa Idara, alikitia kijitabu sahihi huko Nairobi bila kukisoma, kama ilivyo desturi ya Nairobi.

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi alikuja mwenyewe, na suti yake ya rangi ya maziwa. Alikalishwa jukwaani kwenye sofa, na mdomo wa bomba ukaelekezwa mbele yake ili maji yatoke vizuri pichani. Lennox alimwomba Bi Mwanarusi kwa sauti rasmi, salamu zote, naye akawasha.

Maji yalikuja kwa nguvu ambayo kamati haikuijadili. Bomba liliruka, likajipinda, likampiga Mkurugenzi kifuani. Sofa ikaanza kusogea. Wanawake wa Kibuyuni, badala ya kusikitika, walikimbilia ndoo.

"Zima!" alipiga kelele Mkurugenzi. "Zima hiyo kitu!"

Bi Mwanarusi alichungulia kwenye dirisha la kibanda cha pampu.

"Sauti hiyo imepigwa marufuku, Mheshimiwa. Ukurasa wa kwanza, juu ya sahihi yako."

"Mwinga! Ambia huyu mama azime!"

Neno lenyewe lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Lennox. Lakini wajumbe walikuwa wakimtazama, na Bwana Mbarak alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa. Alilikumbuka koti lake, roho ikamuuma kwelikweli.

"Mheshimiwa," alisema kwa unyonge, "itabidi uanze na salamu."

Mkurugenzi alijipangusa uso. Tai ilikuwa imempanda begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo!"

"Nyumbani hawajambo? Na watoto?"

"Wako sawa wote! Sasa, mama, hiyo pampu—"

"Na kazi, je?"

"Kazi iko tu!"

Bi Mwanarusi aliangaza macho nje. Ndoo zilizojaa zilikuwa zikiondoka zimebebwa vichwani, lakini foleni ya zilizobaki ilifika hadi barabarani. Akaegemeza viwiko dirishani, akajiweka vizuri.

"Mbona wangu hujaniuliza, baba?" alisema. "Ninao tisa. Tuanze na kifungua mimba."