Mpiganaji wa Makutupora

Katika miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mtu yeyote wa Chang'ombe ya Dodoma aliyekosa mpangaji aliingiza chumbani televisheni, mashine ya gemu na benchi, akajiita mfanyabiashara. Zipora naye alikuwa na chumba chake, na humo ndimo Bushiri alimokuwa amesimama mchana ule, kamera shingoni, akikwepa jua bila kulipa chochote.

Bushiri alikuwa mpiga picha wa mtaani. Picha zake zilikuwa mbaya na maneno yake mazuri, na kilichomlisha ni maneno.

Vijana walikuwa wanabishana. Gemu yao ilikuwa ya ngumi, iliyotokana na katuni ya Kijapani waliyoizoea kwenye kanda za video. Shujaa wake, Tetsumaro, alikuwa na kipara na msuko mmoja uliofika kiunoni. Ukutani Zipora alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti la Kijapani uliokuja umefungia vyombo vya mtumba. Hakuna aliyeweza kuusoma, kwa hiyo wote waliuelewa: sehemu ya pili inakuja, na italeta wapiganaji wapya.

Katikati ya vijana hao aliketi mtu mzima, Bartolomayo, kaka yake Zipora, mwenye mashamba ya zabibu Makutupora. Alishika pedi ya kuchezea kama anayekamua ng'ombe, akapigwa, akasema pedi ni mbovu, akapigwa tena. Nje, pikipiki yake nyekundu iling'aa. Bushiri aliitazama pikipiki, akautazama ukurasa, kisha akamtazama bwana yule aliyekuwa akipigwa. Tangu azaliwe, Bushiri hakuwahi kumiliki hata baiskeli.

"Shikamoo, mzee Bartolomayo."

"Marahaba. Usinisumbue, mtani, napigana."

Ukoo wa Bushiri ulikuja na misafara kutoka Unyamwezi, na Mnyamwezi na Mgogo, kama Bartolomayo, ni watani. Hutukanana msibani, hunyang'anyana vitu mbele za watu, na anayenuna ndiye anayeaibika.

"Naona unavyopigana," Bushiri alisema. "Ndiyo maana nasikitika. Wajapani wanatafuta mpiganaji mmoja kutoka Afrika, wamtie kwenye sehemu ya pili. Wakala wao yuko Dar es Salaam. Kaniomba nimtafutie mtu mwenye sura."

Bartolomayo aliweka pedi chini. "Sura gani?"

"Ya kutisha kidogo."

"Basi umefika," alisema Zipora kutoka kwenye meza yake ya kupokelea hela.

"Kila mpiganaji ana chombo chake," Bushiri aliendelea. "Mmoja ana joka, mwingine ana fimbo ya radi. Wewe una pikipiki. Naipeleka Dar, wakala anaipiga picha pande zote kwa mashine zao, naileta."

"Hunidanganyi?"

"Mimi? Mtani wako?"

Mtani ndiye hasa aliyeruhusiwa kudanganya, lakini Bartolomayo alikuwa ameshaanza kujitazama kwenye kioo cha televisheni, akijaribu kukunja uso.

"Na mbinu zake?" Zipora aliuliza. "Hakuna mpiganaji asiye na mbinu. Njoo Jumapili shambani uzipige picha."

Bushiri alikubali. Tapeli akishaona mali, masikio yake huziba.

Jumapili, vibarua wa kuvuna zabibu walikwisha kaa chini kwenye kivuli wakingoja. Bartolomayo alitokea akiwa na kaptura, kifua wazi, na msuko mrefu wa katani uliofungwa kisogoni. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa ndiye aliyewalipa.

"Nani atapigana naye?" Zipora aliuliza.

Vibarua wakatazama miguu yao. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Bushiri.

"Mimi ni mpiga picha," Bushiri alisema.

"Nitapiga mimi," Zipora alijibu, akaivua kamera shingoni mwake kwa upole, kama mama anayemvua mtoto kofia.

Mbinu ya kwanza iliitwa Ngumi ya Kiangazi. Bushiri aliiona ikija, akaamini ni mchezo, akajikuta chini kati ya mistari ya mizabibu.

"Inuka, mtani!" Zipora alipiga kelele. "Uhai wako uko nusu bado! Kwenye gemu mtu halali chini mpaka mstari wake wa uhai uishe!"

Aliinuka kwa kuwa aliikumbuka pikipiki. Akapokea Teke la Mbuyu, akapokea Kichwa cha Ng'ombe Dume, na kila alipoanguka alicheka kwa sauti, maana ndivyo utani unavyotaka. Vibarua walilia kwa kicheko. Bartolomayo, aliyekuwa hajawahi kushinda hata vijana wa benchi, alipunga mikono kama anayeshangiliwa na Japani nzima.

Mwishowe Zipora akatoa ufunguo wa pikipiki. "Mtani akiondoka na chombo, huacha chombo. Kamera inabaki hadi pikipiki ikapigwe picha Dar."

Kamera iliyochoka kwa pikipiki nzima! Bushiri alitabasamu kwa upande wa mdomo uliokuwa haujavimba. Akapanda, akapiga kiki, injini ikaitika. Hapo akahisi mzigo mzito ukikaa nyuma yake.

"Twende," alisema Bartolomayo, msuko ukipepea.

"Twende wapi, mzee?"

"Picha zinadanganya. Wakanichore uso kwa uso."

Walifika Kibaigwa, njiani kuelekea Dar, Bushiri akiwa ameshapanga. Waliagiza chai na chapati kwenye kibanda, naye akasema anakwenda msalani; angezunguka nyuma na kuondoka. Ili aaminike, aliingia msalani kweli. Akiwa humo, ufunguo mfukoni, alisikia injini ikiwaka. Alipotoka, barabara ilikuwa na vumbi tu, na mwenye kibanda alikuwa anamngoja alipe chai ya watu wawili. Hakuwahi kufikiri kwamba pikipiki huja na funguo mbili.

Alirudi Dodoma kwenye lori, juu ya magunia ya mahindi. Mbele ya chumba cha Zipora alikuta mstari wa vijana uliofika barabarani. Ndani, Zipora alikuwa na kamera.

"Kidevu juu! Wajapani hawachori kidevu kilichoshuka. Mwingine!"

Bartolomayo aliketi mezani na msuko wake wa katani, mpiganaji aliyekwisha kubaliwa, akipokea hela za wanaotaka kukubaliwa.

"Dada Zipora, nipe kamera yangu."

"Pikipiki ilifika Dar ikapigwa picha?"

"Si ipo hapo nje?"

"Sikuuliza ilipo. Nimeuliza kama ilipigwa picha."

Kumshtaki mtani ni aibu, na polisi wangeanza kwa kumuuliza Bushiri mambo ya pikipiki. Akawageukia vijana.

"Jamani, hakuna Mjapani! Hakuna wakala! Niliyatunga mimi mwenyewe, humu humu ndani!"

Vijana walimkagua: uso uliovimba, vumbi la mahindi, mikono mitupu.

"Huyu kakataliwa Dar," mmoja alisema, "sasa anaona wivu."

Wakamsukuma nje. Lilikuwa neno la kweli la kwanza Bushiri kulisema Chang'ombe, na hakuna aliyemdai hata ushahidi.

"Dada Zipora," kijana aliyekuwa akijiweka sawa mbele ya kamera aliuliza, "huyu naye hawezi kuwemo kwenye sehemu ya pili?"

"Anaweza," Zipora alisema, jicho likiwa kwenye kamera. "Kila gemu ina watu ambao kazi yao ni kuanguka."