Kapasita Ndani ya Mita ya Mahindi

Leo nimeaibika, tena kwenye skrini kubwa.

Kwa wale msionijua vizuri, mimi ni Jeruto, fundi wa simu hapa mjini Eldoret. Nina meza yangu karibu na mlango, na juu ya meza nimetundika televisheni. Si ya kutazama vipindi. Nimeiunganisha na kamera ya kukuza vitu, ili simu ikifunguliwa, mwenyewe aone kila kinachofanyika ndani. Mnajua watu wetu. Mtu akimwachia fundi simu, anaondoka akiamini kwamba huku nyuma tunagawana matumbo yake kama nyama ya sherehe. Mimi sifichi. Kila kitu kiko wazi. (Hilo ndilo lililonimaliza.)

Asubuhi Mama akapiga simu.

"Jeruto, uko kwa kazi?"

"Niko."

"Usitoke hapo. Nakuja na mtu."

Mama kuja mjini bila sababu ya kanisa au hospitali ni jambo zito. Na huyo "mtu" alinitia wasiwasi zaidi. (Sijaolewa, na umri unajulikana. Mama akisema anakuja na mtu, ni vizuri kujipaka mafuta.) Nikajipaka.

Mtu mwenyewe alikuwa Mzee Songok, mnunuzi wa mahindi, rika la marehemu babu yangu, amevaa koti zito na kofia ya sufu. Mkononi alibeba mita ya kupima unyevu. Kwa msiolima: ni kifaa cha kushika mkononi, unakimwagia mahindi kwenye kikombe chake cha juu, unabonyeza, kinakwambia mahindi yana maji kiasi gani. Yakiwa na maji mengi mnunuzi anawasha lori na kwenda zake. Hamwendi mahakamani.

Mzee alikuwa ameingia na lori kwetu Turbo mapema. Akapima gunia la kwanza, likapita. Akapima la pili, likapita. Alipofika la tatu, mita ikazimika. Akaweka betri mpya, hola. Akaipiga kofi, hola. Na bila mita Mzee Songok hanunui hata mkebe mmoja wa gorogoro. Akamwambia dereva ageuze lori, kwani kuna watu wa Kesses waliokuwa wakimpigia simu tangu jana jioni. Mama akasimama mbele ya lori.

"Mzee, hauendi mahali," akamwambia. "Niko na msichana huko town anafungua simu za watu kama maharagwe. Twende."

Wakaja. Sasa niwaeleze jambo moja, ili mjue kwa nini sikuwa na nafasi ya kuharibu. Mwaka jana Mama alingoja bei ipande. Bei haikupanda. Kilichopanda ni maji ya mvua, yakaingia stoo, na nusu ya jasho lake likaishia kwa ng'ombe wa jirani. Mwaka huu ameapa mahindi hayatalala nyumbani wiki nyingine. Lori likiondoka tupu, ndio basi. Kwa hiyo msimu mzima wa mamangu ulikuwa umewekwa mezani pangu, umefunikwa kwa plastiki ya kijivu na skrubu nne.

"Utaweza?" Mzee akaniuliza.

Mtu mwenye akili angejibu, "Wacha niangalie." Mimi nikajibu, "Hiyo ni kitu kidogo, Mzee."

(Sijawahi kufungua mita ya unyevu maishani mwangu.)

Nikafungua skrubu, nikaitoa bodi, nikaiweka chini ya kamera. Ikajaa kwenye televisheni, kijani kibichi, imejaa vitu vidogo vidogo kama mtaa unaotazamwa kutoka juu. Watu wanaokaa verandani, hapo nje ya mlango, wakasogea. Huwa wanasogea. Kukiwa hakuna mpira, wanatazama simu za wenzao zikifanyiwa upasuaji.

Mama yuko hapo. Mzee yuko hapo. Watazamaji wapo. Mate yakanijaa mdomoni, nikaanza kufundisha.

"Hii nyeusi kubwa katikati ndio ubongo."

"Mnaskia?" Mama akawageukia watu.

"Hii ndogo ya miguu nane ni memori. Hapo ndio imeweka mahindi, ngano, maharagwe, kila moja na hesabu yake."

"Kumbe!" akasema Mzee.

"Hii ya kung'aa ni kristali. Inapiga kama roho ya mtu. Hii utepe inaenda kwa skrini. Na hii soketi ya waya mbili, nyekundu na nyeusi, ni ya betri."

Nikaigusa soketi ya betri kwa ncha ya kibano, nikasonga mbele. Laiti ningetulia hapo! Plagi ilikuwa imechomoka kidogo kwa kurushwarushwa barabarani, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wote. Nilitaja jina lake vizuri sana. Sikuitazama hali yake.

Nikafika kona ya chini. Bodi huandikwa herufi kando ya kila sehemu, na C ni ya kapasita, kile kidude cha kuweka akiba ya umeme. Pale palikuwa pameandikwa C7. Na juu ya C7 kulikuwa na kitu kidogo, mviringo mrefu, rangi ya kahawia ya kukaribia nyeusi, kimeinama upande. Kapasita ikiungua huwa hivyo hivyo. Hubadilika rangi, hujiinua.

"Mwizi ndio huyu," nikasema.

Nikachukua testa, nikaigusa huku na huku. Kimya.

"Imekufa."

"Imekufa?" Mama akauliza kwa sauti ya matanga.

"Kitambo."

"Pole, Mzee."

"Asante, Mama Jeruto," akajibu Mzee Songok, na akavua kofia. (Sitanii. Alivua kofia.)

"Na imeuliwa na nini?" mtu akauliza kutoka verandani.

"Stima iliipita nguvu," nikasema. "Halafu hizi barabara zikamalizia."

Watu wakatikisa vichwa. Ukisema barabara, hakuna anayekupinga.

Nikamwambia Mzee nina kapasita za namna hiyo boksi nzima, asiwe na shaka. Nikawasha bloa, ile mashine ya kupuliza hewa moto, ili niitoe marehemu bila kuumiza majirani zake. Nikaanza na moto mdogo. Asubuhi ya leo ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, na bodi ilitaka kupashwa polepole. Huku napasha, huku nasimulia.

"Sasa mtaona risasi, hii inayoigundisha kwa bodi, ikiyeyuka, halafu itaanza kuachilia."

Ikaanza kuachilia.

"Mnaona? Imeanza kucheza."

Ikacheza kweli. Ikainua upande mmoja. Nikajisemea, risasi hiyo imeyeyuka upesi. Kisha ikatoa mguu. Ikatoa mwingine. Ikatoa yote sita, ikajinyoosha kama mtu aliyeamshwa na jua la dirishani, ikasimama. Kwenye televisheni yangu ilikuwa na ukubwa wa paka. Ikageuka, ikapita juu ya memori, ikapita juu ya kristali, ikapanda kwenye ubongo, ikatulia hapo.

Kisha sauti moja ikatoka verandani, taratibu:

"Hiyo kapasita inaenda wapi?"

Nikatazama pale C7. Patupu. Vituo viwili vya shaba, visafi, ambavyo havijawahi kuguswa na risasi tangu kiwandani. Hawakuwahi kuweka kitu hapo. Nilikuwa nimempa mdudu jina, kazi, na chanzo cha kifo.

Mzee Songok akarudisha kofia kichwani na kusogeza uso hadi karibu na skrini.

"Mama Jeruto," akasema. "Hiyo ni dumuzi."

Dumuzi! Mdudu anayesaga gunia la mahindi bila kinu, akabakisha unga na maganda. Mnunuzi akimwona mmoja tu, ujue wengine wako nyumbani wanakula. Na mahindi ya mwisho kumiminwa kwenye ile mita, kila mtu alijua ni ya nani. Nikamwona Mama akipiga hesabu hiyo. Uso wake ulikauka, kisha akaamua.

"Hapana, Mzee. Msichana amesema ni kapasita."

"Mama, inatembea."

"Amesomea hiyo mambo. Wewe umesomea?"

Mzee akanigeukia mimi. "Fundi. Hii ni kapasita ama ni dumuzi?"

Ndugu zangu. Upande mmoja kuna mamangu, ameshika mkoba kwa mikono miwili, ananitazama kwa lile jicho ambalo hunitolea kanisani nikisinzia. Upande mwingine kuna kitu cha miguu sita kinasugua mdomo wake juu ya ubongo wa mita, mbele ya nusu ya mtaa. Nilitamani kusema ni kapasita. Nawaambia ukweli, neno lilifika kwenye meno. Nilimhurumia Mama kuliko nilivyojionea haya. Lakini kitu kikishatembea, hata televisheni haiwezi kukutetea.

"Ni dumuzi, Mzee."

Mama akafyonya. Veranda ikapasuka kwa kicheko. Kuna mwanamume aliyelazimika kushikilia nguzo.

Lakini mamangu si mtu wa kuanguka mara mbili mahali pamoja.

"Haya, ni dumuzi," akasema. "Lakini ni ya nani? Jana ulipima wapi?"

"Jana nilikuwa Kesses," akasema Mzee.

"Basi hiyo ni ya Kesses."

"Mama Jeruto, jameni..."

"Angalia venye inatembea. Hiyo haina haraka ya maisha. Imeamka saa hii! Hiyo imeishi na wanafunzi wa yuni ya huko Kesses, wale wa kulala mpaka mchana."

Hata Mzee alicheka, akajifanya anakohoa. Wakiwa katika kesi hiyo, nilimshika mdudu kwa kibano nikamtia kwenye mkebe. Ndipo jicho langu likatua kwenye plagi ya betri. Nikaibonyeza kwa kidole gumba. Tak. Mita ikawaka, namba zote zikajipanga, tayari kwa kazi.

"Imewaka," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikarudia. Mzee akaichukua, akaitazama, akanitazama mimi, akafunga koti.

"Tunarudi Turbo," akamwambia Mama. "Lakini nitamwaga gunia zote kwa turubai. Moja moja."

"Mwaga," akasema Mama, shingo imenyooka. Kisha akafungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena bila kutoa kitu. Nadhani mimi peke yangu ndiye niliyeona.

Wakaondoka. Sikuzima televisheni, niliigeuza ikatazama ukuta. Haikusaidia. Jamaa wa kuuza soksi akaniletea simu yake, uso umekunjwa kama wa mfiwa.

"Jeruto, hii inamaliza chaji haraka. Hebu cheki kama kapasita imetoka kutembea."

Mteja wangu wa saa sita aliniuliza kama simu yake imechanjwa. Nilicheka nao, nifanye nini? Lakini kazi haikuingia. Nilikuwa nikiona turubai tu, na Mama amesimama kando yake, na lori limegeuza kichwa kuelekea barabarani. Ningekaza plagi na kunyamaza, angekuwa ameshauza. Nilijichukia kidogo, nawaambia.

Alasiri akapiga simu. Niliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mama, amechukua?"

"Amechukua."

"Yote?"

"Gunia moja amekataa. Ile ya kona, chini ya dirisha. Hiyo ilikuwa imejaa hao wenzako."

Nilikaa chini. Machozi yalitaka kunitoka, nikasingizia moshi wa risasi. "Asante Mungu," nikasema. "Na hiyo moja utaifanyia nini?"

"Iko njiani. Nimeiweka kwa gari ya kuja town. Wewe ndio unajua kuwapima kama wamekufa."

Akakata.

Gunia limefika sasa hivi. Liko hapa chini ya meza, na ukitega sikio unasikia wakitafuna. Kwa hiyo tafadhali, sitaki kuona mtu akicheka hapo kwenye maoni. Anayebanwa sana na kicheko aje ninakoishi, mtaani Munyaka, Jumamosi na ungo wake. Atacheka huku akipepeta.