Foronya ya Hesabu

Jumatatu, 3 Novemba
Wifi kaja kuchukua gauni lake. Mshono hakuusifu. Alichosifu ni binti yake, ambaye eti ataongoza darasa. Akauliza mwanangu Kifungo anaendeleaje. Nikasema vizuri sana, sindano ikanichoma. Mtihani wa hesabu ni Alhamisi. Kifungo atakuwa wa kwanza, la sivyo nisiitwe fundi!

Jumanne, 4 Novemba
Wazo! Nimetarizi jedwali la saba na la nane kwenye foronya yake, uzi mwekundu, hesabu zimwingie akiwa amelala. Gauni la bibi harusi limesubiri. Mume wangu kauliza kama nitamtarizia na yeye namna ya kuziba bomba la jikoni. Nimemnunia.

Jumatano, 5 Novemba
Foronya haipo! Nimembana Kifungo. Kampa binti wa wifi, maana mwenzake analia kila akiona hesabu. Tena jioni zote anamfundisha! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nimeishona mimi. Halafu akaongeza, kwa upole, kwamba saba mara nane niliandika hamsini na nne. Kafumua, kashona hamsini na sita. "Nisingependa watu wakucheke, mama." Nikakikagua kitambaa alichojaribia kwanza. Mshono wake umenyooka.

Ijumaa, 7 Novemba
Matokeo. Binti wa wifi, wa tatu. Kifungo, wa kumi na moja. Nikatamani ardhi ipasuke. Wifi huyo, anakuja mbio! Nikajiandaa kwa tambo zake. Akanikumbatia, machozi yanamtoka. Kumbe binti yake alikuwa hali wala halali kwa hofu.
"Mwanao ndiye aliyemtuliza," akasema. "Wifi, umelea."
Umelea! Miaka tisa nangoja kuambiwa neno hilo, na sikujua. Nimelia mbele ya wateja, kwa furaha tupu.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimeelewa sasa. Alama si kitu. Mtoto mwema ndiye ushindi wa mzazi.
Ila nasikia binti wa kinyozi wa jirani naye ni mwema. Tena anasalimia mtaa mzima, asubuhi na jioni. Hatuwezi kulala tukapitwa! Nimemwandikia Kifungo ratiba: saa moja, kumsaidia jirani, saa mbili, kuomba radhi, hata kama hajakosa. Foronya mpya iko tayari, uzi wa dhahabu: MWEMA KULIKO WOTE.
Kinyozi atajua hajui.