Eldrid Hatateleza Jumapili

Jumatatu, 13 Februari

Eldrid, huna haya. Mimba ya miezi mitano, tena ya kwanza, na bado unateremka mlima kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kama mtoto aliyetoroka shule! Nimemwambia mjukuu wangu hivyo hivyo, mbele ya mumewe. Sindre akatazama soksi zake. Mwanamume yule ukimtazama tu anaomba radhi.

Jumapili kuna mbio za klabu ya skii. Eldrid ameshinda kilomita kumi na tano miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu eti atakwenda zile tano tu, za matembezi, zisizopimwa kwa saa. Mkunga kamruhusu: pawe tambarare, aende polepole, akichoka apumzike. Mkunga mwenyewe umri wake sawa na jiko langu. Mimi nimezaa wanne. Nani mjuzi?

Huyo tumboni ni kitukuu changu cha kwanza. Hatateleza Jumapili. Nimeandika, imekwisha.

Jumanne, 14 Februari

Mpango wa kwanza: kazi. Mimi nikiwa na mimba ya mama yake nilikamua ng'ombe saba na kubeba ndoo mbili mbili. Hakuna aliyenikataza. Kazi haidhuru mimba, mchezo ndio unaodhuru. Kwa hiyo nikamwita aje kufukua theluji kwangu, kutoka mlangoni hadi barabarani. Nilijua atachoka, atalala hadi wiki ijayo.

Alimaliza kahawa haijachemka. Akafukua na kwa jirani. Akanishukuru, eti sasa mwili umepata moto, akavaa skii akaenda zake msituni.

Njia yangu haijapata kuwa safi namna hii. Nimekasirika sana.

Alhamisi, 16 Februari

Nilimpigia mkunga simu. Nikasema mjukuu wangu anazimia kila mara. Uongo mdogo. Mkunga akasema ni ajabu, maana Eldrid yuko mbele yake saa hiyo hiyo, anapimwa presha, na presha yake ni nzuri kuliko ya mkunga. Kisha akauliza mimi mwenyewe nimetembea lini mara ya mwisho. Nikakata simu.

Mchana akaja Aslaug, bibi yake Sindre, na keki za moto na jibini la kahawia. Kujionyesha tu. Ana miaka themanini na moja, bado anateleza, na hakuachi usahau. Akaketi bila kukaribishwa. "Mwache mtoto, shoga yangu," akasema. "Wewe unaona wivu, yeye ana mapafu na wewe una kochi."

Wivu! Nilikula keki zake nne ili apate hasara.

Jumamosi, 18 Februari

Hapa ndipo akili inapoonekana. Miaka ishirini nilifagia kibanda cha klabu, wanakopaka nta chini ya skii. Theluji ya baridi inataka nta ngumu. Theluji inayoyeyuka inataka nta ya tyubu, ile inayonata kama ulimbo. Ukiipaka hiyo siku ya baridi kali, theluji inaganda chini ya skii, huendi mbele wala nyuma. Kesho ni nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri.

Walipokwenda dukani nikaingia barazani kwao. Skii za Eldrid zilikuwa ukutani. Nikamaliza tyubu nzima. Na aproni yangu ikapata sehemu yake.

Hataumia. Atakwama pale pale pa kuanzia, atacheka, atarudi nyumbani. Leo nitalala vizuri.

Jumapili, 19 Februari

Sindre ni msaliti. Alikuwa amemnunulia mkewe skii mpya, zenye vipande vya manyoya chini, zisizotaka nta yoyote! Ushauri wa mkunga, zisirudi nyuma. Nilisimama barazani kwao nikamwona Eldrid anakata kona nazo, tumbo mbele.

Nikavaa viatu vyake vya zamani, miguu yetu ni saizi moja. Nikachukua skii za kwanza nilizoziona ukutani. Nikaenda kumkingia njia darajani, mbio zinapopita karibu na nyumba yao.

Hatua ishirini. Chini ya kila mguu kukawa na theluji ya kimo cha kigoda. Ndipo nilipokumbuka. Nikaanguka, goti likalia, nikabaki katikati ya njia huku watoto wakinipita wakisema samahani, Bibi.

Eldrid akafika. Nyuma yake Sindre, anavuta sleji mpya ya mtoto, kile kigari cha kuburuta juu ya theluji, yenye gunia la viazi, eti anajizoeza kuwa baba. Eldrid hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alizigeuza zile skii, akanusa.

"Nani alizipaka hizi, Bibi?"

Nikasema hali ya hewa imebadilika.

"Basi kaa kwenye sleji. Mikono ndani, mdomo ufunge. Zimebaki kilomita mbili, na mimi sirudi nyuma."

Viazi vikabaki kwenye theluji. Sindre alinivuta peke yake, akaanguka mara mbili. Eldrid akavaa mkanda wa pili wa sleji mabegani, akawa anampangia mwendo kama farasi. Kipaza sauti kikatangaza namba thelathini na nane, Eldrid, pamoja na mzigo. Bonde zima likapiga makofi. Aslaug akanifuta pua.

Mkunga alikuwa pale, akatupima wote. Mama mzima, mtoto mzima, moyo unadunda vizuri. Mimi goti. Wiki mbili kwenye kochi, mguu juu ya mto.

Jumatatu, 20 Februari

Eldrid alikuja asubuhi na supu. Akauchukua mkono wangu akauweka tumboni. Mtoto akapiga teke, teke la kweli kweli.

"Uliogopa, Bibi. Najua," akasema. "Lakini mimi siogopi, na yeye haogopi."

Nilimwambia supu haina chumvi.

Baadaye nimefikiri sana, nina nafasi ya kufikiri. Nimeona kosa langu. Lilikuwa moja tu: sikuuliza kama kuna skii nyingine. Na Jumapili ijayo wanateleza ng'ambo ya ziwa, ameshajiandikisha.

Sindre aje kesho mkewe akiwa bado amelala. Alete msumeno na zile fimbo ambazo mkewe hujisukumia akiwa kwenye skii, azikate nusu, zote, za zamani na mpya. Na asiulize kwa nini.