Mpokeaji wa Memoranda

Jumatatu, 12 Mei

Baridi kali. Nimevaa soksi mbili mbili. Nimepangwa tena nje, langoni, na Gaston yuko ndani kwenye joto anatazama kamera. Miaka minne tuko kampuni moja ya ulinzi, jengo moja hapa Marshalltown, na mwenye redio ya upepo ni yeye! Eti kwa sababu alisoma Lubumbashi, kwa Kifaransa. Kwani kamera zinaongea Kifaransa?

Habari kubwa: Alhamisi kuna maandamano, na yanakuja hapa hapa langoni kwangu. Ofisi ya ghorofa ya tano (mkataba wa kazi unanikataza kuitaja, na haukusema kama shajara inahesabika) imetangaza kuwa Jumatatu ijayo itaondoa meza zote za wamachinga mtaani. Mwenye kupinga apinge kwa maandishi, na maandishi hayo yapokelewe kabla ya Alhamisi saa kumi jioni.

Meza ya nne kutoka kwenye robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, ni ya mke wangu, Mwanaharusi. Soksi, kofia, mikanda. Meza hiyo ndiyo inayomsomesha binti yetu Najma. Mshahara wangu unaishia kwenye chumba chetu cha Yeoville.

Msimamizi kaniita. Kasema Alhamisi asipite hata inzi, na nikifaulu atanifikiria kwa chumba cha kamera. Nikasema ndiyo, mkuu. Jioni Mwanaharusi naye kanikalisha. Kumbe viongozi wa maandamano ni yeye na MaRadebe, yule mama wa Soweto anayechoma mahindi meza ya jirani. Kasema kama mimi ni mume kweli, nitahakikisha karatasi yao inapokelewa. Nikasema ndiyo, mama Najma.

Ndiyo mbili. Ukizitazama kwa makini hazigongani.

Jumanne, 13 Mei

Kitu kimoja kinaniwasha: memoranda ni nini hasa? Kila mtu anaitaja. Nimemuuliza Gaston, kasema hayo ni mambo ya wasomi. Maana yake hajui. Nimemuuliza Najma. Niliuliza kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu. Ana miaka kumi na minne na ndivyo tunavyoishi.

Kumbe ni hivi. Watu wa hapa wakiandamana hawaishii kuimba. Wanaandika madai, wanayafikisha mlangoni, na lazima mkubwa ashuke ayapokee mbele ya watu na kutia sahihi. Asiposhuka, hawaondoki. Akisaini, makofi, kila mtu anakwenda kula.

Nimestaajabu. Sahihi moja tu! Tangu nizaliwe sijaona mkubwa akiitwa chini na muuza mahindi, akashuka.

Nimefanya uchunguzi. Meneja wa ghorofa ya tano hashuki kamwe. Anaingia na gari kwenye maegesho ya chini, anapanda lifti, na jioni anatoka vivyo hivyo. Miaka minne sijaona hata viatu vyake. Anayemwona ni Gaston peke yake, kwenye kamera. Nilimuuliza kama ana upara. Kasema hiyo ni siri ya kazi.

Nina mpango. Alhamisi saa tisa nitapiga simu ya ndani niseme imeletwa keki, na lazima mwenyewe aje kusaini. Nani asiyeshuka kwa keki?

Jumatano, 14 Mei

Chumba kizima ni maboksi na rangi. Nimekalia bango, suruali ya kazi sasa ina herufi mbili makalioni.

Nyumba nzima tunayopanga imegawanyika. Ghorofa ya kwanza na ya pili wanaandamana, ya tatu hawaandamani, na kwenye ngazi hawasalimiani. Théodore, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, anasema mgeni akipiga kelele anajitafutia macho. Mwanaharusi kamjibu kwamba akinyamaza pia atafukuzwa, tofauti ni kwamba atafukuzwa kimya kimya. Nilikuwa katikati yao nimeshika ndoo ya maji. Nikaona wote wana hoja. Nikasema hivyo. Wote wawili wamenuna.

Hata waandamanaji wenyewe hawaelewani. Watanzania wanataka kutangulia mbele, Wakongo nao wanataka mbele. MaRadebe kawasikiliza, halafu kasema mbele atakaa yeye na wenzake wenye vitambulisho vya hapa, ili polisi wakitaka kushika mtu waanze naye. Sikujua niangalie wapi. Yule mama hatudai chochote.

Halafu habari nyingine! Alhamisi hiyo hiyo, asubuhi, kuna maandamano ya pili. Kiongozi wao anaitwa Vusumuzi, na wao wanataka meza za wageni ziondolewe, za wenyeji zibaki. Mwanaharusi kaisikia habari hiyo akakosa hamu ya kula. Mimi pia niliogopa. Lakini nakiri hapa, kwa sababu hakuna anayesoma: nilifurahi kidogo. Maandamano mawili siku moja, na lango ni langu!

Alhamisi, 15 Mei

Siku ya maisha yangu. Niandike kwa mpangilio.

Saa nne wamefika watu wa Vusumuzi. Wengi! Nyimbo nzuri sana, mguu wangu mmoja ulicheza bila ruhusa. Vusumuzi ni mrefu, mstaarabu, ana kipaza sauti. Akaomba meneja ashuke. Nikapiga simu ghorofa ya tano, haipokelewi. Nikapiga tena. Watu wakaanza kuchoka. Mmoja akanitazama sana, akauliza lafudhi yangu ni ya wapi. Jasho likanitoka, na baridi ile!

Nilitaka waondoke. Mezani langoni kuna muhuri wa vifurushi: IMEPOKELEWA, ULINZI, na tarehe. Nikaichukua karatasi yao, nikaigonga muhuri, nikatia sahihi yangu ndefu yenye mkia.

Wakapiga makofi! Mimi, Othmani, nimepigiwa makofi na watu mia tatu. Vusumuzi kanishika mkono, kaniita bhuti, yaani kaka, tukapigwa picha pamoja. Karatasi yenyewe sikuisoma. Ukipigiwa makofi hivyo huwezi kusoma.

Saa tisa wamefika wa Mwanaharusi. Nikapiga simu ya keki. Safari hii katibu kapokea. Kasema meneja ana kisukari, niiache tu mapokezi. Lakini Gaston alikuwa anasikiliza kwenye laini! Dakika mbili baadaye kashuka mwenyewe, ana sahani na uma, anauliza keki iko wapi. Nikamwambia imeliwa. Kakasirika kweli kweli, kasimama pale akinihoji vipande vilikuwa vingapi. Huku nyuma hakuna anayetazama kamera, na meneja katoka na gari lake, kaenda zake.

Saa kumi kasoro dakika tano. Mwanaharusi ananitazama kupitia nondo. Ameshika karatasi kwa mikono miwili. Hakuniita baba Najma, hakuniita chochote. Nikanyoosha mkono katikati ya nondo, nikaichukua, nikagonga muhuri.

MaRadebe kapiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka. Mke wangu kanitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu harusi.

Halafu kuhusu inzi: langoni hakupita hata mmoja. Ndiyo mbili, zote zimetimia.

Ijumaa, 16 Mei

Janga. Picha yangu na Vusumuzi inazunguka kwenye simu za Yeoville nzima. Natabasamu, meno yote nje, nimeshika memoranda, na ukiikuza picha maandishi yanasomeka. Dai la kwanza: meza za wageni ziondolewe. Dai la pili: walinzi wageni waondolewe malangoni. Nimegonga muhuri kwenye kufukuzwa kwangu mwenyewe!

Mwanaharusi kaiona. Chakula kimewekwa mezani, sufuria imefunikwa, na juu ya kifuniko kaweka kitabu cha shule cha Najma.

Mchana ikaja barua kutoka ghorofa ya tano. Msimamizi kaisoma akakaa chini. Inasema memoranda zote mbili zimepokelewa na Ulinzi, wala si na ofisi yao. Kwa utaratibu, aliyepokea ndiye anayejibu, kwa maandishi. Na mpaka Bwana Othmani wa Langoni atakapotoa jibu lake, shughuli ya kuondoa meza imesimamishwa.

Nijibu mimi! Nimjibu mke wangu, na nijibu watu wanaotaka niondoke! Msimamizi kasema tangu aanze kazi hajapata kuona mlinzi akiandikiwa barua. Nimemwomba nibaki nayo.

Jumapili, 18 Mei

Mwanaharusi kaisoma barua mara tatu. Mara ya tatu akacheka! Kampigia MaRadebe, wakaweka sauti juu. MaRadebe kasema eish, hii ndiyo bahati yenyewe. Imeandikwa mpaka ajibu. Basi asijibu! Asipojibu, meza zinakaa hata miaka kumi.

Mke wangu kanishika mkono. Kasema tangu tuoane hajawahi kuniomba jambo jepesi namna hii. Nisifanye chochote. Nisiandike, nisisaini, nisigonge. Nikaapa.

Najma kaweka simu chini na kusema kwa Kiswahili, ndipo nikajua hana mzaha: "Baba, usiandike."

Jumatatu, 19 Mei

Lori limekuja asubuhi. MaRadebe kamwonyesha dereva nakala ya barua. Dereva kaisoma, kasema sharp, yaani sawa, kageuza. Meza zote zimesimama! Watu wanapita langoni kunisalimia, kila mmoja ananipa heshima, na mimi sifanyi kitu. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mpaka saa sita nilikuwa nimeshafikiria majibu manne.

Jumanne, 20 Mei

Gaston! Wakati wa chakula kanisogelea, kasema barua kama ile haijibiwi na mtu wa lango. Mon cher, kasema, Kifaransa chake cha kuniita mpenzi rafiki, inahitaji mtu aliyekaa darasani. Halafu nikamwona kupitia kioo cha chumba cha kamera anaandika. Ukurasa mzima. Nilipokaribia akaufunika kwa mkono.

Anajibu kwa niaba yangu! Atapeleka juu, atapewa heshima yote, na jina langu litabaki la mgonga vifurushi.

Mwanaharusi kasema nisifanye chochote. Kufikiri si kufanya. Na kuandika nyumbani bila kupeleka ni kufikiri kwa kalamu.

Alhamisi, 22 Mei

Gaston kafika ukurasa wa pili. Sikuwa na njia nyingine.

Nimepeleka jibu! Kurasa tatu, mwandiko safi. Nimetafakari sana kabla ya kwenda, na naamini Mwanaharusi alichoogopa ni jibu baya. Jibu zuri linamaliza ugomvi moja kwa moja. Vusumuzi nimemwambia madai yake yameandikwa vizuri, yana mpangilio, ila wageni wabaki. Wamachinga nimewaambia madai yao pia ni mazuri sana. Hakuna atakayenung'unika.

Nimepanda lifti mpaka ghorofa ya tano. Zulia! Na meneja katoka mwenyewe kunipokea. Upara upo, ila wa nyuma tu. Kasoma mstari wa kwanza, kauliza kama hili ndilo jibu langu rasmi la maandishi. Nikasema ndilo, mkuu. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kaniletea chai! Kurasa mbili zilizobaki hakuzisoma, nadhani alishaona uzito wake. Nilipokuwa nakunywa alimwambia katibu awapigie watu wa malori, waje Jumatatu saa mbili.

Sijui malori ya nini. Labda wanahamisha makabati.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeuona ukurasa wa Gaston, kauacha mezani. Ni ombi la likizo! Anakwenda Lubumbashi kwenye harusi ya dada yake. Yaani alianza jibu, akaniona nimemtangulia, akakata tamaa, akalifanya ombi la likizo. Na akiondoka chumba cha kamera kitabaki wazi, wiki tatu.

Mwanaharusi hajui bado. Leo karudi na marobota mawili ya kofia za baridi, msimu umeanza, kasema sasa anaweza kununua bila hofu. Kanipikia wali wa nazi. Mezani kanishukuru kwa kunyamaza, kasema kwa kweli hakudhani naweza, na machozi yalimlengalenga. Nilikaribia kupasuka! Lakini habari nzuri namna hii ukiiambia nyumbani inapoa.

Jumatatu zamu yangu inaanza saa nne. Nitatoka Yeoville mapema, saa mbili niwe nimesimama kwenye robot, ng'ambo ya meza yake. Nataka niuone mwenyewe uso wake atakapojua nilichomfanyia.